Mvuke wa Kitanda cha Nne

Adhuhuri ile, katika chumba cha wagonjwa mahututi, mvuke wa dawa ulinuka udongo wa kaburi.

"Sista, hebu nusa," alinong'ona muuguzi ambaye wenzake walimwita Mpole.

"Ninuse nini? Dawa hiyo. Nenda kale, njaa inakupanda kichwani," alijibu mkuu wa zamu.

Mpole alicheka, lakini akainama tena kuinusa nebulaiza, ile mashine ya kuvukiza dawa. Siku tatu nyuma, kitanda hichohicho cha nne kilikuwa cha bibi mmoja aliyepumua kwa mashine. Mpole alimpa mvuke, makohozi yakalainika, yakapanda. Ilibaki kuyanyonya tu kwa mashine. Simu ya mchumba ikaita. Akanyamazisha kengele ya mashine, akaandika kwenye fomu kwamba amenyonya, akatoka kwenda kuongea. Aliporudi, bibi alikuwa amezibwa na makohozi, amekata roho. Binti yake aliambiwa mwili ulichoka.

Sasa alilala hapo mwalimu kijana, na kengele yake ilianza kulia. Mpole akaingiza mpira wa kunyonyea kwenye mrija wa kooni, akawasha mashine, na badala ya mashine kuvuta, kitu ndani ya kifua cha mwalimu kikauvuta mpira kutoka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayevuta kamba ya kisima, huku chupa ya makohozi ikikoroma, ikikoroma, hata mkoromo ukawa maneno yaliyomwingia sikioni peke yake: "Uliandika umeninyonya."

Akageuka akimbie. Mlangoni alisimama binti wa marehemu, aliyefuata nguo za mama yake.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "mama hakuwa peke yake kifuani. Alikuwa na pepo wake tangu usichana, wamezoeana. Ulipomwacha mama azibwe, ulimziba na yeye."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Tangu tuzike, halali, halazi mtu."

Mwalimu alikuwa anageuka rangi ya bluu. Mpole akapiga magoti mbele ya Sista na wauguzi wote, akasema kila kitu: simu, kengele, fomu. Sista alishika mdomo. Papo hapo mpira ukalegea, makohozi yakatoka, kifua cha mwalimu kikapanda na kushuka vizuri.

"Nisamehe, dada," alilia Mpole.

"Mimi nimekusamehe."

Akataka kushukuru, akakohoa. Akakohoa tena, kitu kizito kikajipanga kifuani mwake kama mgeni anayetandika mkeka.

"Mwambie aniache! Si nimekiri?"

Binti alikunja nguo za mama yake, akazikumbatia. "Hakufuata maneno, kaka. Alifuata nyumba."

Kabla ya jua kuzama, Mpole naye aliwekwa mrija kooni. Wanamnyonya makohozi kila saa, hayaishi. Sista huifanya kazi hiyo mwenyewe, hamwachii mtu. Anasema kuna anayecheka mle kifuani, na si Mpole.