Taratibu Arudi Msafarani

Kila asubuhi mama fundi alianza kazi kabla chai yake haijapoa. Alikaa kwenye cherehani karibu na mlango wa sebule, akashona aproni, sare za shule na mapazia ya watu. Cherehani yenyewe ilikuwa kuukuu na gurudumu lake lilichechemea. Ilipiga tak-tak, ikapumzika kidogo, halafu taa! Fundi wa mashine alitaka kuitengeneza, mama fundi akakataa. Alisema ameshaizoea kama alivyomzoea mumewe.

Mumewe alikaa upande wa pili, dirishani, ameshika tama. Watu walimwita Taratibu. Neno hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya lori lake kwa rangi nyekundu, na kwa miaka thelathini na moja alilitii. Hakuwahi kugonga hata kuku. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu daktari amwambie kuwa jicho lake la kushoto halitapona. "Mzee, lori basi," daktari alisema. Taratibu alirudisha funguo kwa tajiri wake, akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti hicho. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, kimya kama maji mtungini.

Kimya hicho kilimuuma mkewe kuliko hata habari ya jicho. Zamani mume huyu alikuwa na maneno! Alirudi safarini na visa vya msafara. Malori matano yalikwenda pamoja, na lake lilikuwa la mwisho siku zote, kwa sababu wa mwisho ndiye anayewaangalia wenzake. Kila walipofika, kiongozi aliuliza kwenye redio koli kama wote wapo. Taratibu alijibu, "Mkia upo. Wote wapo." Hapo ndipo madereva walipozima injini. Mama fundi aliyajua maneno hayo vizuri, maana mumewe aliyasema hata usingizini. Siku hizi hata usingizini hakusema kitu.

Binti yao alipoolewa aliwaachia kompyuta yake. Ndani yake mlikuwa na programu ya urubani. Unakaa kwenye kiti, unashika kijiti cha kuongozea, na kwenye kioo unaona viwanja, mawingu na milima kama mtu aliye ndani ya ndege. Siku moja Taratibu aliifungua ili kupoteza muda. Wiki ya kwanza aliangusha ndege mara kumi na moja. Wiki ya tatu aliruka na kutua bila taabu. Mkewe akashukuru. Lakini wiki ya nne akamkuta tena dirishani.

"Vipi, ndege imeharibika?"

"Nzima."

"Sasa mbona umekaa?"

"Naruka peke yangu, natua peke yangu. Hakuna hata wa kumwashia taa. Barabara bila wenzako ni lami tu, mama watoto."

Tangu wiki ianze hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho. Mama fundi aliyaweka moyoni.

Kesho yake alipeleka taulo alizoshona kwenye saluni ya jirani. Msusi alikuwa na mteja, vidole vimezama kwenye nywele. Ukutani palikuwa na karatasi: "Marubani wa kompyuta, karibuni. Tunaruka pamoja kila Jumamosi." Chini yake paliandikwa anwani ya mtandao. Mama fundi aliinakili. Hakuuliza ni ya nani. Aliona haya kuuliza habari za ndege mahali pa kusukia nywele. Jioni alimkabidhi mumewe anwani hiyo.

Jumamosi ilipofika Taratibu alikuwa amenyoa ndevu. Alifungua ukurasa wa kundi, akajiandikisha kwa jina lake la utani, akanakili jina la seva ambamo kundi hukutana na jina la kiwanja cha kuanzia. Tangazo lilikuwa refu. Mengine hakuyasoma.

"Soma yote," mkewe alimwambia.

"Ya nini? Msafara naujua. Hawa walikuwa hawajazaliwa."

Ndege yake ilitokea katikati ya njia ya kurukia, injini ikiwaka. Programu ndivyo inavyofanya usipochagua mahali. Taratibu hakuona kosa. Malori hupanga foleni barabarani, naye alikuwa barabarani, tayari.

"Ndege nyeupe hapo katikati, nani mwenzetu?" iliuliza sauti nzito. Ilikuwa ya kiongozi wa kundi, ambaye wenzake walimwita Kengele.

Taratibu alidhani anaulizwa mtu mwingine.

"Na hiyo mashine inayogonga ni ya nini?" aliuliza mtu wa pili.

"Kuna mtu kipaza sauti chake kiko wazi," ilisema sauti ya mwanamke.

Mama fundi hakuwasikia, kwa kuwa mumewe alikuwa amevaa hedifoni. Akasema kwa sauti kutoka kwenye cherehani, "Baba watoto, na hizo soksi za tangu juzi ndizo utakazorukia?"

Watu saba, kila mmoja mahali pake, walisikia habari za soksi. Wakati huohuo mwenzao mmoja alikuwa akija kutua. Aliona ndege imemzibia njia, ikabidi apande tena juu. Akapaza sauti, "Aondolewe huyo! Anatuharibia!"

"Jamani, ni mgeni. Tumsubiri," alisema yule mwanamke.

Taratibu alisikia neno la kwanza tu. La pili lilimkuta ameshachomoa waya. Alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole, akarudi kwenye kiti chake.

"Hata huko nimetolewa barabarani," alisema.

Mama fundi aliogopa. Aliogopa kuliko siku ile ya daktari. Siku ile mumewe alipoteza jicho na kazi. Leo alionekana kupoteza hamu yenyewe.

Jumatatu msusi alifuata aproni zake za saluni. Alipofika mlangoni alisimama ghafla, akainamisha kichwa kama anayesikiliza hodi.

"Tak-tak, taa!" alisema. "Mama fundi! Kumbe ni cherehani hii!"

"Imefanya nini?"

"Jumamosi niliisikia hewani. Na soksi pia nilizisikia."

Mama fundi alitamani ardhi ipasuke. "Mwanangu, na wewe unaruka?"

"Kila Jumamosi. Ile karatasi niliibandika mimi. Huko wananiita Kitana. Ni mimi niliyesema tumsubiri mgeni."

"Na yule aliyemtoa barabarani?"

"Ana mdomo mwepesi. Kengele amemwonya. Kundi letu lina sheria: mgeni haonyeshwi mlango. Anaonyeshwa kiti."

Dirishani Taratibu alikuwa amefumba macho. Hata hivyo hakukoroma, na mkewe alijua maana yake. Mume yule akilala kweli, majirani wote hupata habari.

"Shikamoo, mzee wangu," msusi alisema, akivuta kiti.

"Marahaba. Kama umekuja kunifundisha kuendesha, umechelewa miaka thelathini na moja."

"Sikuja kufundisha. Nimekuja kuuliza. Dereva mgeni alipotaka kuingia kwenye msafara wenu, alifanyaje?"

Taratibu alifumbua macho, akakaa vizuri. Kwa miezi minane watu walimuuliza habari za jicho tu. Hakuna aliyemuuliza habari za kazi.

"Kwanza anafika yadi mapema. Haingii barabarani. Anaegesha pembeni, anasikiliza. Kiongozi anasema tunakwenda wapi, kwa mwendo gani, nani amfuate nani. Kisha anajaribu redio yake. Redio unabonyeza ukisema, unaachia ukisikiliza. Usipoachia umewaziba wote masikio. Halafu ndipo…" Aliitazama kompyuta. "Loo!"

"Endelea, mzee."

"Mimi nilitokea katikati ya barabara."

"Injini ikiwaka."

"Na redio sikuiachia."

"Tukajua mpaka siku ulizovaa soksi."

Taratibu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kutu, lakini kilikuwa chake. Mama fundi aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Basi unayajua yote," msusi alisema. "Imebaki kujua vibonyezo viko wapi. Washa."

Alimfungulia tangazo la Jumamosi inayokuja. "Tangazo ndilo yadi yetu. Lisome mpaka mwisho. Saa hii hapa ni saa ya dunia, kwa sababu wenzetu wako nchi nyingi. Igeuze kwanza iwe ya kwetu, usije ukafika watu wameshaondoka. Hapa wanasema tutumie ndege ndogo ya injini moja. Ukija na ile ya abiria mia tatu, utatupita kabla hatujafunga mikanda."

"Na pa kuegesha?"

"Gusa ramani ya kiwanja. Unaona hivi vidoti? Ni maegesho. Chagua kimoja, kaa hapo mpaka uitwe. Na hapa chagua hali ya hewa iliyotajwa kwenye tangazo. La sivyo wewe utaona jua wakati sisi tunanyeshewa."

Kwa kipaza sauti alimwekea kitufe kimoja kwenye kijiti, pale kidole gumba kinapoangukia. Taratibu alikibonyeza, akakiachia, akakibonyeza tena. Kidole kilikumbuka kazi.

"Kaa mbali na wa mbele yako. Hewani hakuna breki ya kukanyaga. Washa majina, utaona jina juu ya kila ndege. Na jina lako la utani linatosha, mzee. Usitaje namba ya simu wala unapoishi. Mtu akikuomba neno lako la siri, hata akisema yeye ni Kengele mwenyewe, usimpe."

"Nikipotea?"

"Sema. Sote hupotea. Anayenyamaza ndiye tunayeshindwa kumsaidia."

Taratibu alitazama sakafu. Alijua neno hilo halikuwa la ndege peke yake. Mkewe naye alijua.

"Kwa kifupi," msusi alisema akisimama, "ukifika kwa wenye chongo, nawe funga jicho lako." Papo hapo akaziba mdomo kwa mkono. "Mzee wangu, nisamehe!"

"Nikusamehe nini? Langu limetangulia kufungwa. Nimeshakuwa mwenyeji."

Alhamisi jioni walifanya jaribio la watu wawili, msusi saluni kwake na Taratibu sebuleni. Waliruka mzunguko mmoja, wakatua. Mara mbili alisahau kuachia kitufe. Mara ya tatu hakusahau.

Jumamosi aliingia nusu saa kabla. Alitokea kwenye maegesho, injini imezimwa. Alisikiliza watu wakisalimiana, kisha akabonyeza. "Taratibu hapa. Mgeni wa juma lililopita. Leo nimevaa soksi safi."

Walicheka kwa furaha. Yule wa mdomo mwepesi akasema, "Mzee, nilikosa adabu. Niwie radhi." "Yamekwisha," Taratibu alijibu.

Waliruka mmoja mmoja, yeye wa nane. Nusu ya njia waliingia kwenye wingu zito, na majina yote yakapotea kwenye kioo. Mkono wake ulielekea kwenye waya. Mkewe aliuona. Kisha kidole gumba kikashuka.

"Taratibu hapa. Nimewapoteza."

"Tumekusikia," Kengele alisema. "Shika urefu ulio nao. Geuka kulia kidogo, ufuate kaskazini. Wote, punguzeni mwendo." Dakika nne baadaye wingu lilikwisha, na mbele yake zilionekana taa saba. Taratibu alivuta pumzi ndefu. Siku hiyo ndege yake ilidunda mara mbili wakati wa kutua, na hakuna aliyemcheka zaidi yake mwenyewe.

Tangu hapo kiti cha dirishani kilipata vumbi. Jioni Taratibu alisoma matangazo, akamweleza mkewe habari za upepo na mawingu mpaka mama fundi akaomba apumzishwe. Alikuwa anatania.

Jumamosi ya saba, watu wakiwa maegeshoni, ndege nyekundu ilitokea katikati ya njia ya kurukia, injini ikiwaka. Hewani kikasikika kilio cha mtoto mchanga na sauti ya bomba la maji. Taratibu alibonyeza.

"Ndege nyekundu, karibu. Hujaharibu kitu. Mimi nilitokea hapohapo. Usizime. Tafuta kitufe cha kipaza sauti kwanza, ukimaliza nitakuonyesha maegesho."

"Samahani," ilijibu sauti ya mwanamke, imejaa haya. "Niwaache tu muende."

"Hatuendi bila wewe. Kengele, tangulieni. Mimi nitakuja naye nyuma. Nyuma nimepazoea."

Wenzao waliruka. Wawili hao walifuata, mgeni mbele, Taratibu nyuma yake, mbali kidogo, akilitazama jina lake kwa jicho lile moja. Mgeni aliyumba, akapotea, akasema, akaonyeshwa njia. Mwisho alitua, akaenda kando kidogo kwenye nyasi, akarudi kwenye lami. Taratibu alitua baada yake.

"Huko nyuma, mmefika?" Kengele aliuliza.

Taratibu alibonyeza. Hakufikiri. Maneno yalikuja yenyewe, kwa sauti ya zamani.

"Mkia upo. Wote wapo."

Mama fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Huko hewani hakuna aliyejua maneno yale yalikotoka. Yeye alijua, na machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa kipande cha aproni ya watu, akasubiri mumewe aachie kitufe, kisha akaendelea kushona.