Tai wa Kamati ya Udhuru

Wanahistoria wajiandae kunoa kalamu. Asubuhi ya Jumatano, katika jiji la Iskanderia, tai wa Jamhuri, mlinzi wa sheria na fahari ya taifa, aligunduliwa kuwa ametekwa nyara na watu wasiojulikana.

Tai mwenyewe alikuwa wa shaba, amechongwa kwenye muhuri mdogo kama biskuti. Mara ya mwisho alionekana akifutwa wino kwa mate.

Aliyemfuta ni Bi Ulfat, mtunza muhuri wa Kamati ya Udhuru katika chuo kikuu kimoja ambacho, kwa heshima, hakitatajwa. Inspekta Hilmi Bastawisi alimkuta amekaa mbele ya kabati, analia kama aliyefiwa. Inspekta mwenyewe alikuwa amelowa mpaka magotini. Njia ya chini ya reli ilikuwa imejaa maji, na gari la polisi lilikuwa limebaki humo.

"Muhuri ulikuwa wapi?"

"Humu kabatini, afande. Jana nilifunga, nikaondoka mapema. Dhoruba ya Ukarimu ilikuwa inaingia. Nani angengoja?"

"Ufunguo unauweka wapi?"

"Kwenye kopo la sukari."

"Nani anajua?"

"Hakuna anayejua, wallahi."

"Kila mtu anajua, Ulfat," alisema Daktari Mufid, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye tai ya hariri na sauti ya kipaza sauti. "Hata mwenye kuleta chai anajua."

Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kwenye kabati, kisha kwenye kopo. Alipata sukari.

"Daktari, kwa nini mtu aibe muhuri wa kamati hii?" aliuliza Inspekta. "Hamna pesa humu."

"Ili kutukwamisha! Karatasi isiyo na tai ni ya kufungia falafeli, unajua mwenyewe. Mwisho wa kujibu maombi ya udhuru ya waliokosa mtihani ni kesho. Ombi lisilopata jibu lenye muhuri linahesabiwa halijaamuliwa, na aliyeliomba ana haki ya kufanya mtihani wa marudio Jumamosi."

"Na nyinyi mmeamua nini?"

"Tumeyakataa."

"Yote?"

"Ya dhoruba ile ya siku ya mtihani, yote. Udhuru ni tukio lisilotarajiwa, afande. Dhoruba zetu zina majina na tarehe. Zipo kwenye kalenda, pale ukutani. Mwanafunzi makini angehamia karibu na chuo mapema."

Inspekta alitazama suruali yake.

"Siku ya mtihani wewe ulifikaje hapa, Daktari?"

"Sikufika. Njia ilijaa maji."

Bi Ulfat aliacha kulia ghafla. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Hilo halihusiani," alisema Daktari Mufid. "Nimeshamwandikia mkuu wa chuo kumwomba atuongezee siku tatu. Wizi huu haukutarajiwa."

"Kwa hiyo na wewe unaomba udhuru."

"Mimi ni kamati!"

Inspekta aliandika jambo fulani akitabasamu, kisha akauliza ni nani kati ya waliokataliwa aliyepiga kelele zaidi. Daktari Mufid hakuhitaji kufikiri.

"Isaad Gawish. Mwaka wa kwanza, Famasia. Ulimi kama wembe."

Isaad aliletwa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye koti kubwa la kaka yake, na hakungoja kuambiwa akae.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nachota maji sebuleni kwa sufuria."

"Una hasira na kamati hii?"

"Ninayo. Andika kwa herufi kubwa, afande."

"Uliiba muhuri?"

"Ningetaka kuiba ningeiba geti. Siku ile nilivuka maji ya chini ya reli kiunoni, mkoba kichwani. Nikafika na kiatu kimoja. Mlinzi akanifungia, akaniambia, 'Nenda kajikaushe kwanza, dada.' Mtihani ulikuwa na dakika chache tu tangu uanze! Nikifeli ufadhili unakatwa, nami naenda kupara samaki dukani kwa mjomba. Halafu huyu ananiambia nisome kalenda!"

"Adabu, binti!" alifoka Daktari Mufid.

"Adabu ninayo, Daktari. Mtihani ndio sina."

"Afande, mwizi ndiye huyu. Mpeleke."

Wakati huohuo mpishi wa bweni la wavulana aliingia akihema, amebeba sinia.

"Mnisamehe, mabwana. Asubuhi nimechemsha mayai ya wanafunzi. Nilipogeuka kukoroga maharagwe, nikarudi, nikayakuta hivi."

Kila yai lilikuwa na tai wa Jamhuri, wa buluu, mabawa wazi.

"Baadhi wameshayala?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Wengi, afande. Walisema ni mara ya kwanza kula yai lililothibitishwa na serikali."

Inspekta alilizungusha yai moja. Wino ulikuwa mkavu na mzima. Maji ya moto yangeufuta. Basi lilipigwa muhuri baada ya kuchemshwa, mle mle jikoni, na kijana anayelala bwenini. Isaad hakuruhusiwa hata kukaribia mlango wa bweni hilo.

"Ana mshirika," alisema Daktari Mufid.

"Inawezekana. Niitie wote waliowahi kifungua kinywa."

Wavulana walipangwa kwenye korido. Inspekta aliuacha mlango wazi, akapandisha sauti.

"Sihitaji kumhoji mtu. Kabati limevunjwa kwa hasira, vitasa vimeng'olewa, na mwenye hasira ninaye. Isaad Gawish, uko chini ya ulinzi."

"Uongo!" ilisikika sauti koridoni. "Halikuvunjwa! Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena vizuri!"

Wavulana waliokuwa mbele waligeuka nyuma.

"Nani amesema?" aliuliza Inspekta, bila kugeuka.

Sauti hiyo, msomaji, ilikuwa yangu. Nimejificha nyuma ya Inspekta tangu mwanzo, nikisema "watu wasiojulikana" kana kwamba hatujuani. Nisamehe. Miaka sita ya bweni la shule kule Asyut ilinifundisha kwamba ukiiba biskuti za mwalimu wa zamu, lazima ufunge kabati. Haikunifundisha kufunga mdomo.

"Jina?"

"Shihab Manqabadi, afande. Mwaka wa kwanza, Famasia."

"Muhuri uko wapi?"

Nilitoa mkate mfukoni. Ndani yake, kati ya falafeli mbili, alikuwamo tai. Bi Ulfat alipiga yowe, akambusu, mafuta na yote.

"Mayai je?" Inspekta aliuliza.

"Hayo yalikuwa mzaha, afande. Sikuweza kujizuia."

"Lete hapa!" Daktari Mufid alinyoosha mkono. "Ulfat, wino! Tunagonga majibu sasa hivi."

Inspekta alimtangulia. Alimtumbukiza tai kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga.

"Hiki ni kielelezo, Daktari. Hakiguswi mpaka kesi iishe. Mahakama ya hapa, ikiharakishwa sana, labda kiangazi."

"Lakini Jumamosi wote watafanya mtihani!"

"Ndivyo kanuni yenu inavyosema."

Isaad alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyezungumza.

"Wewe si ndiye uliyeazima muhtasari wangu wa somo?"

"Ndiyo."

"Twende kituoni," alisema Inspekta. "Lakini kwanza sema mbele ya mashahidi. Kwa nini?"

"Kwa sababu muhtasari huo nilikaa nao bila kuurudisha, afande. Ulinisomesha mimi, na nililala palepale chuoni, mkavu. Nilikuwa najibu swali la tatu kwa maneno yake nilipomwona dirishani, nje ya geti, anakamua koti. Alikuwa anamsihi mlinzi. Ningeweza kusimama, niseme neno. Nikainama, nikaendelea kuandika. Hilo ndilo ninalojutia. Muhuri sijutii hata kidogo."