Bidon ya Maziwa Juu ya Camion

"Umwali, simama Karuba. Hiyo ni amri."

Sauti ya Papa Michel, mkuu wa operesheni za polisi, ilikwaruza redioni. Amri ya mtu aliyeketi Goma na kikombe cha chai. Umwali akakanyaga mafuta, Land Cruiser ikapanda kilima ikirusha matope.

"Sisimame, Papa Michel. Sylvain iko mu ile camion."

Sylvain alikuwa mpima madini wa Kibua. Kesho angesimama mahakamani amtaje Barthélemy, tajiri anayevusha koltani kwa magendo. Lakini jana usiku watu wa Barthélemy walimteka, wakamtia kwenye camion, lori la magunia. Wakimvusha ziwa, kwisha habari yake.

"Camion yenyewe unaiona?"

"Hapana. Na yenyewe hainione."

"Basi nafunga barabara Sake."

"Ukifunga, wanamuua. Niache nifanye kazi."

Pii.

Redio ya Yaesu kwenye dashibodi ikawaka alama: kilomita nne mbele, upande wa ziwa. Ilikuwa APRS, ile njia ya wapenzi wa redio ya kutangaza hewani mahali walipo wakiwa safarini. Hakuna mtandao wa simu kwenye vilima hivi, lakini redio haimwombi mtu ruhusa.

Na kile kilichotangaza kilipandaje kwenye camion? Watekaji wenyewe walikipokea.

Asubuhi, kwa mpango wa Umwali, Mama Mukantabana alisimama kando ya barabara na bidon, dumu la maziwa ya mkamwana wake, Uwamariya, aliyejifungua hospitali ya Kirotshe. Mwenye bunduki kwenye camion alifoka wasisimame. Dereva Jado akasimama. Mtoto wa Masisi, nchi ya wafugaji, apite maziwa ya mzazi? Angerudi kwao na uso gani?

Tena maziwa hayalazwi chini ya magunia. Jado aliyafunga juu ya kabini, peupe, palepale GPS inapopapenda. Kisanduku alichotega Umwali kilikuwa ndani ya majani ya mgomba shingoni mwa bidon, antena imesukwa kwenye kamba.

Mama Mukantabana alikuwa ametoa sharti moja tu. "Maziwa yangu haitumike kwa uongo. Uwamariya aikunywe."

Umwali alikuwa ameahidi.

Alama ya camion ikapotea.

Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya.

"Wameitupa," Papa Michel akasema. "Nilikuambia."

"Kilima njo kinaficha. Jado hawezi kutupa maziwa."

"Una hakika gani?"

"Miye pia niko wa Masisi."

Pii.

Camion ilikuwa imeacha barabara kuu, inashuka ufukweni kabla ya Kirotshe.

"Papa Michel, unaiona?"

"Naiona kwenye skrini. Askari wa ziwa wanaifuata hiyo alama. Wewe ngoja."

"Sitangoja."

Juu ya ufuko alizima injini, akaliacha gari literemke lenyewe. Barthélemy alikuwa kando ya mtumbwi wenye injini, akiharakisha wawili waliombeba Sylvain, amefungwa kamba mikononi. Umwali akamnyatia Barthélemy, bastola yake ya Glock ikamgusa kisogo.

"Waambie wamuweke chini. Polepole."

Bunduki za watu wake zikainuliwa. Boti ya askari ikatokea majini nyuma yao, bunduki zikateremka.

Sylvain alifunguliwa, akakaa mchangani akilia bila aibu.

"Nani ametuuza?" Barthélemy akauliza, pingu zikimbana.

Umwali hakumjibu. Alikuwa amepanda juu ya kabini ya camion, anafungua kamba ya bidon. Jado, naye kwenye pingu, akamwita.

"Dada, ile maziwa niliahidi ile mama. Isiharibike."

"Itafika."

"Uliweka kintu ndani?"

"Shingoni tu. Maziwa yenyewe iko safi."

Jado akatikisa kichwa, karibu acheke.

Redio ya mkononi ikakwaruza. "Umwali, rudi Goma utoe ripoti. Sasa hivi."

"Mzazi ananingojea, Papa Michel."

Akaizima, akajitwika bidon, akashika njia kwa miguu, maziwa yasitikisike garini.

Goma, kwenye skrini ya Papa Michel, alama iliyokwisha kusimama ikaanza kusogea tena, polepole, mwendo wa mtu asiyetaka kumwaga, kuelekea hospitali ya Kirotshe.