Betri Kubwa ya Mgodini

Djamila alivuta ukanda wa mpira kwa mikono miwili. Mdogo wake Souleymane alisukuma kipande cha ubao chini ya betri. Mvua ilikuwa imepungua, lakini maji ya paa bado yaliwadondokea shingoni.

"Vuta, yaya!" Souleymane alimwambia dada yake.

"Ninavuta. Haiingii, Souley."

"Itaingia. Hii iko betri ya mine! Inawasha camion. Itashindwa na motoka ya papa?"

Lubumbashi watu wengi hupenda kitu kilichotoka mgodini. Buti za mgodini, kamba za mgodini, vyote husifiwa kuliko vya dukani. Betri ya gari la marehemu baba ilipokufa, Souleymane alileta hii ya lori, iliyokwisha kutumika. Aliileta kwa moyo safi, na kila ilipolegea waliifunga upya kwa ukanda.

Lakini mwezi uliopita, alfajiri ya mama yao kupasuliwa macho, gari lenye betri hiyo halikutoa hata mlio. Mvua ilinyesha, barabara ilijaa maji, na teksi iliwafikisha hospitali wakati zamu ya mama imekwisha kupita. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwezi. Mama alirudi nyumbani, na presha ya ndani ya macho ikaendelea kuyala. Sasa jicho la kulia halioni tena. La kushoto linaona kivuli tu. Daktari anarudi keshokutwa.

Djamila alitaka kufunga kapo, kifuniko cha injini ya gari. Sauti ikatoka uani kwa jirani.

"Mungoje kwanza!"

Alikuwa Mama Mado, anayechaji na kuuza betri karibu na soko. Alikuja polepole, akainua kapo.

"Angalia hapa, Djamila. Unaona nini?"

Kwenye chuma cha kapo, upande wa ndani, kulikuwa na alama nyeusi ya moto.

"Betri iko murefu sana," alisema Mama Mado. "Motoka ikiruka mu shimo, kichwa cha plus kinagusa kapo. Siku moja itawaka moto, na mama yenu ndani."

Souleymane alishtuka. "Lakini, Mama Mado, iko mukubwa!"

"Hata bwana yangu alikuwa mukubwa. Ndoo ya maji ilimushinda."

Djamila alicheka. Hakuwa amecheka wiki nzima.

Mama Mado aliwasha taa za gari, akaweka kipimo juu ya betri. Namba ikashuka upesi. "Imechoka. Batu ba mine waliitupa sababu ilikufa. Betri ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya jiko. Mama Mado aliifuta matope kwa kitambaa.

"Hii njo itatuonyesha ya kununua. Soma."

Djamila alisoma taratibu. "Volti kumi na mbili. Sitini Ah."

"Ah ni akiba ya umeme. Usishuke chini ya ile namba. Kuna namba ingine, nguvu ya kuwasha injini. Ile pia isipunguke. Sasa pima urefu, upana na kimo. Na plus iko upande gani?"

"Kuume."

"Basi ile mupya nayo, kuume. Ikikaa kushoto, waya unavutwa, unalegea. Asubuhi motoka inanyamaza."

Djamila alipima betri kwa kamba. Aliikumbuka ile asubuhi.

Dukani kwa Mama Mado, Souleymane alishika betri yenye vumbi iliyokaa juani.

"Tarehe yake?" aliuliza Mama Mado.

Souleymane aliitafuta kwenye kibandiko. "Ni ya zaidi ya miaka miwili."

"Iache. Betri inazeeka hata bila kazi."

Walichagua iliyotengenezwa karibuni, namba zile zile, kimo kile kile. Mama Mado aliipima mbele yao. Betri mbili mbovu, ile ya lori na ile ya zamani, alizibakiza dukani. "Zitaenda kwa wenye kuzitengeneza. Usimwage maji yake uani, Souley. Ni asidi, inachoma."

Nyumbani Mama Mado alifunga plus kwanza, kisha minus. Djamila akageuza ufunguo. Injini iliwaka mara moja. Mama Mado akapima tena, injini ikiwa inanguruma: volti kumi na nne. Gari lilikuwa linaichaji betri vizuri.

Djamila alipoizima injini, Mama Mado aliinama, akashika betri. Ikatikisika.

"Chuma cha kuishikilia kiko wapi?"

Souleymane alitazama chini. "Nilikikata. Ile mukubwa haikuingia."

Hakuna aliyemgombeza. Lakini umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu mchana, na fundi wa kuchomelea hawezi kazi bila umeme.

"Itangoja kesho," alisema Mama Mado. "Usitembeze motoka hivi. Na betri isikae ndani ya motoka wakati wa kuchomelea." Alifungua minus kwanza, kisha plus. Souleymane aliibeba betri ndani ya nyumba, akaiweka juu ya ubao, mbali na jiko.

Mama yao alikuwa ameketi gizani. Kwake giza halikuleta tena tofauti kubwa.

"Nimesikia motoka ya baba yenu," alisema. "Mbona mumezima?"

"Imebaki chuma, mama," alijibu Souleymane. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mi mwenyewe nilikikata. Kesho mapema nitaenda kwa fundi."

Mama alinyoosha mkono, akaipapasa betri, akakifikia kichwa chake kilichofunikwa kwa mpira.

"Iko ndogo," alisema.

"Hiki njo kipimo cha motoka yetu, mama."

Nje mvua ilianza tena. Kapo lilikuwa wazi. Djamila alitoka kwenda kulifunga.