Leseni Iliyofutika Mtaa wa Ngentak

Jumapili, tarehe 15 Machi 2009. Mvua ilinyesha katika mji wa Salatiga tangu alfajiri, kisha ikaacha ukungu mzito juu ya mapaa. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtandao wa nyumba zote za mtaa wa Ngentak ulikatika kwa mpigo mmoja.

Kompyuta iliyogawa mtandao huo ilikaa chini ya ngazi, nyumbani kwa Pak Darsono, mkuu wa mtaa; huko Bwana huitwa Pak, Bibi huitwa Bu, na kijana huitwa Mas. Haikuwa na kazi nyingine. Ndani yake mlikuwa na programu ya ruta peke yake, na leseni ya programu hiyo ilinunuliwa kwa mchango wa wote. Sasa kioo kilionyesha mstari mmoja tu: muda wa majaribio wa saa ishirini na nne umekwisha, weka leseni.

"Tumeibiwa leseni!" Pak Darsono akapiga kelele.

Macho yote yakamgeukia Wahono, fundi mpangaji aliyeufunga mtandao huo. Jana jioni alionekana akitoka chini ya ngazi ile, na mwezi ujao alikuwa afungue duka lake la intaneti mjini.

Bu Rukmini, mpelelezi mstaafu wa polisi, akafanya jambo ambalo lingemchoma moyo siku nzima. "Mas Wahono," alisema mbele ya watu, "fungua mkoba wako."

Mkobani mlikuwa na bisibisi, koleo na wali uliofungwa kwa jani la mgomba.

"Labda leseni ameimeza!" mwanamke mmoja akasema, watu wakacheka. Wahono aliufunga mkoba bila kuinua uso. Kufika adhuhuri, nyumba tatu zilikuwa zimemnyang'anya kazi, na Pak Darsono alikuwa ametangaza kikao baada ya alasiri: Wahono abaki mtaani, au ahame.

Bu Rukmini aliswali adhuhuri, akabaki amekaa juu ya mkeka. Miaka yote kazini aliwafundisha vijana waulize kwanza, wapekue baadaye. Leo yeye mwenyewe alianza na mkoba wa mtu. Akainuka, akaenda kubisha chumbani kwa Wahono.

"Sasa umekuja kupekua godoro, Bu?" Wahono akauliza.

"Nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza asubuhi. Jana jioni ulifuata nini chini ya ngazi?"

"Bu Darsono, mke wa mkuu wa mtaa, aliniita. Feni ya kompyuta ilikuwa inapiga kelele, nikaifuta vumbi."

"Na leseni, inakaa wapi?"

"Kwenye diski ya kompyuta. Imefungamana na diski ileile, haihami. Anayetaka kuiiba abebe diski yenyewe."

"Diski utaitambuaje?"

"Ina karatasi niliyobandika kwa chini. Pak Darsono alitia saini."

Wakaenda pamoja, wakaifungua kompyuta. Diski ilikuwa ileile, na saini ileile.

"Basi hakuna kilichoibwa," Bu Rukmini akasema polepole.

"Imefutwa, Bu. Mtu ameifomati kama diski ya kompyuta ya kawaida, akaweka programu upya. Ukifanya hivyo leseni inakufa. Programu inakuvumilia saa ishirini na nne, kisha basi."

Bu Rukmini akarudi nyuma kwa hesabu. Jumapili saa tatu; basi Jumamosi saa tatu asubuhi. Saa hiyo mtaa mzima ulikuwa ukizibua mtaro. Wahono alikuwa amezama hadi magotini, na aliyempa chai ni yeye Rukmini.

Nani hakushuka mtaroni? Desturi ya Ngentak inajulikana: asiyekuja kazini hupeleka chakula kwa mkuu wa mtaa. Jana lilikuja sinia moja tu, la tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, ya kukaanga. Akakumbuka ni la nani, akangoja kikao.

Baada ya alasiri, wajumbe kumi wa mtaa walikaa barazani kwa Pak Darsono, Wahono akiwa pembeni. Kati yao alikuwa Pak Kasmadi, mwalimu mstaafu, imamu wa msikiti mdogo. Uzeeni alikuwa amejiunga na darasa la jioni la kompyuta, na mtaa mzima ulimsifu.

"Pak Kasmadi," Bu Rukmini akaanza, "jana ulikuwa mgonjwa?"

"Baridi ilinipanda, Bu."

"Sinia ulilileta mwenyewe?"

"Mwenyewe. Saa mbili na nusu."

"Ukaondoka saa ngapi?"

Pak Kasmadi akakohoa. Bu Darsono akadakia kutoka mlangoni, "Si ulisema unangoja sinia lako, Pak? Mimi nilikuwa jikoni. Ulikaa muda!"

"Ulikuja na programu ya kuiweka upya kompyuta?" Bu Rukmini akauliza, sauti chini.

Mzee aliinamisha kichwa. "Niliinakili darasani. Mtandao ulikuwa mzito, na watu walinitania: mwalimu, kila jioni unasoma, huwezi hata kuuponya? Niliona haya kusema sijui. Nikafomati, nikarudisha mipangilio, ukawaka. Nikamshukuru Mungu."

"Na leo asubuhi, Mas Wahono alipopekuliwa?"

"Nilikuwa nimesimama palepale. Ulimi ulikataa."

"Na adhuhuri ukatuswalisha!" mjumbe mmoja akafoka.

"Niliwaswalisha. Sijui hata nilisoma sura gani."

Bu Rukmini akamgeukia Wahono. "Yeye alinyamaza, lakini aliyekuvunjia heshima ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Bu," Wahono akajibu, macho sakafuni. "Ila walioninyang'anya kazi hawapo hapa. Wao bado wananiita mwizi."

Pak Kasmadi akasimama, ameshika nguzo. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "kesho asubuhi nitakwenda na Wahono nyumba kwa nyumba, nikianza na zile tatu. Kila mlango nitasema kwa mdomo wangu: si yeye, ni mimi."