Sifuri ya Mdomo wa Shimo

Kila asubuhi mzibuaji na mkewe walitoka pamoja kwenda kazini. Mume alishuka kwenye mashimo ya maji taka kutoa tope. Mke alibaki juu, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mumewe. Kipima gesi kilining'inia kifuani mwa mume. Siku zote kilisoma sifuri.

Jumanne mume alipanda akiyumba. Alitapika kando ya kifuniko, akasema ni jua tu. Mkewe alipomwambia kwamba anaogopa, alimcheka.

"Wewe ukiona mvuke wa chai unatafuta ndoo ya maji."

Mke hakucheka. Siku ile kamba ilikuwa imelegea mara mbili mikononi mwake, na mara zote mbili alidhani amebaki mjane. Jioni alichukua kipima akakipeleka kwa jirani yao, mama anayekagua mitambo kiwandani. Mume alifuata nyuma akinung'unika.

Jirani alikigeuzageuza. Akauliza huwa wanakiwashia wapi.

"Palepale shimoni, shemeji," mume alijibu. "Nikishafungua kifuniko nakiwasha. Kikileta namba, nabonyeza sifuri, kinatulia."

Jirani alikiweka mezani polepole.

"Shemeji, unakifundisha kwamba hewa ya shimo ndiyo hewa safi. Halafu unashuka."

Mke aliuliza kinatengenezwaje.

Jirani alieleza kwamba ndani ya kipima mna vihisi, yaani sehemu ndogo zinazonusa gesi. Vihisi huchoka, na namba zake hupotoka. Kwa hiyo husawazishwa. Kwanza sifuri huwekwa kwenye hewa safi, mbali na shimo na moshi wa magari. Kisha hupulizwa gesi ya majaribio, ambayo kiasi chake kimeandikwa kwenye mtungi. Namba ya kipima lazima ilingane na ya mtungi. Kihisi kikigoma kulingana, kinabadilishwa.

Kesho yake alifanya hivyo mbele yao. Mtungi uliandikwa ishirini na tano. Kipima kilisoma sita. Alikirekebisha mpaka kikasoma ishirini na tano, akawaachia mtungi wawe wanakijaribu kwa gesi ile kila siku kabla ya kushuka.

Siku iliyofuata walirudi kwenye shimo la Jumanne. Walikiwasha kipima mbali, kwenye hewa safi, wakakishusha peke yake kwa uzi mrefu. Kabla hakijafika hata nusu, kilianza kulia. Mume alirudi nyuma, akakaa chini. Mkewe alimshika bega.

Walipuliza hewa shimoni kwa feni hadi mchana. Wakapima tena, juu, katikati na chini. Kipima kilipokaa kimya kote, mume alijifunga kamba, akakining'iniza kifuani. Mkewe alimuuliza kama anaogopa.

"Naogopa," alisema. "Shika vizuri."

Baada ya nusu saa alipanda, mchafu hadi masikioni, akiuliza kama kuna chakula kilichobaki. Mkewe alilia kwanza, ndipo akampa.