Kila Mtu Asikie

Kazi yetu ni kubeba saruji kwa boti. Asubuhi mimi na mama tunafunika mifuko kwa turubai, mdogo wangu anawasha injini. Zamani aliyewasha ni kaka yetu. Mwaka jana kaka alizama na boti yake. Hata maiti hatukuipata.

Alikuwa na GPS ya skrini kubwa kama sinia. Redio ya mawasiliano aliikataa. Wabeba saruji wengi tuna kasumba hiyo: nahodha hasemi alipo, wenzake wasije wakamwibia mteja.

Sasa nahodha ni mdogo wangu. Tulipokwenda kununua vifaa vya boti mpya, macho yake yakaganda kwenye skrini kubwa kuliko ile ya marehemu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na hofu.

Fundi wa redio za boti, mwanamke wa makamo, akamuuliza, "Skrini itakuonyesha ulipo. Nani mwingine atajua?"

"Nitapiga simu, shangazi."

"Kule mbali kuna mtandao?"

Akaondoa macho kwenye skrini.

"Chukua GPS ndogo isiyoingia maji, na redio ya VHF," fundi akasema. "Antena ikae juu kabisa, ndipo sauti ifike mbali. Redio iwe na betri yake, nayo iwe juu. Maji yakiingia, betri ya injini ndiyo hufa kwanza. Ukipatwa na hatari, ita kwenye chaneli ya kumi na sita. Taja jina la boti, mahali ulipo, na idadi ya watu."

"Lakini redio kila mtu anasikia."

"Ndiyo kazi yake, mwanangu."

Mama yetu akasema, "Tufungie hiyo."

Msimu wa ukungu, injini ilizima katikati ya maji, boti ikaanza kuingiza maji. Mdogo wangu akaita. Akasoma namba za mahali alipo kwenye GPS. Aliyemsikia ni hasimu wetu wa biashara, mzee tunayemwita Kiberiti. Alimfuata, akamvuta hadi gatini.

Mama alimshika mkono Kiberiti.

"Usinishukuru, dada," Kiberiti akasema. "Siku aliyozama mwanao mkubwa nilikuwa kwenye maji yale yale. Redio yangu ilikuwa wazi mchana kutwa. Sikusikia kitu."